Safari ya Fungate: Lipi la Wakala, Lipi la Wenyewe

Mimi ni somo. Hapa Mji wa Kale, Mombasa, kazi yangu ni kumfunda mwari kabla ya harusi na kuwa karibu naye siku za mwanzo za ndoa mpaka atulie. Wari wa zamani waliniuliza mambo ya ndani ya nyumba: mume, mawifi, jiko, faragha. Wa siku hizi huniuliza hayo pia, lakini kuna swali linalotangulia yote, na kila msimu wa harusi baada ya Idi nalisikia: "Somo, safari ya fungate tumpe wakala atupangie, au tujipangie wenyewe kwenye simu?"

Wengi hulichukua kuwa swali la pesa. Hukaa na kikokotoo, wakalinganisha bei ya wakala na bei waliyoiona mtandaoni, wakaamua. Hesabu ina mahali pake na siidharau. Lakini kadiri ninavyolifikiri swali hili, ndivyo ninavyoliona kuwa ni la dini, tena la zamani sana: mja anaweza kumkabidhi mwenziwe mambo gani ayafanye kwa niaba yake, na yapi hayakabidhiki hata kwa mtu mwema kuliko yeye? Anayeoa na anayeolewa wakilielewa hili mapema, watakuwa wamepata elimu itakayowafaa nyumbani muda mrefu baada ya safari kwisha.

Kuna vijana wanaodhani kwamba desturi yetu ilikuwa kila mtu kujifanyia mambo yake, na kwamba wakala ni kitu cha kuja. Sivyo. Bibi yangu alipoolewa hakusafiri hata kuvuka Likoni. Bwana harusi aliingia nyumbani kwa wazee wa mkewe, wakakaa ndani siku saba, na katika siku hizo saba wawili wale hawakupanga lolote. Somo ndiye aliyejua saa ya kupeleka maji moto ya kuoga, saa ya kufukiza udi, saa ya kubadilisha shuka na kunyunyiza asumini kitandani. Mashangazi na mama wakubwa walikuwa jikoni tangu alfajiri: mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, kuku wa kupaka au biriani mchana, mkate wa sinia na kahawa alasiri. Sinia lilifunikwa kawa, likaletwa mpaka mlangoni. Kazi hiyo nimeifanya kwa mikono yangu, na hata kugonga mlango wa maharusi kuna adabu yake: unagonga mara moja, polepole, unaweka sinia chini, unaondoka bila kungoja kuitikiwa.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kumpa mwingine akupangie fungate ni uvivu, namjibu kwamba bibi zetu na babu zetu wote walipangiwa. Tofauti ni hii: waliowapangia walikuwa watu waliowazaa, hawakudai ujira, na jambo likiharibika walikuwapo siku ya nane na miaka iliyofuata kulijibu. Hilo la kuwapo mtu wa kujibu ndilo ninalotaka tulishike vizuri, maana ndiko swali letu linakoelekea.

Chuoni tulisomeshwa kitabu cha Abu Shujaa, kile kijitabu cha fikihi ya Kishafi ambacho watoto wengi wa pwani wamepitia. Ndani yake mna mlango wa uwakala. Kanuni zake ni chache. Jambo ambalo mtu anaruhusiwa kulifanya mwenyewe katika miamala, anaruhusiwa kumweka mwingine alifanye. Kila mmoja kati ya wawili hao anaweza kuvunja uwakala wakati wowote. Wakala ni mwaminifu kwa alichokabidhiwa: mali ikipotea bila uzembe wake, hadaiwi, ikipotea kwa uzembe wake, anadaiwa. Haruhusiwi kukiuka alichoagizwa, wala kuiuza mali aliyokabidhiwa chini ya bei ya soko, wala kujiuzia yeye mwenyewe.

Nilizihifadhi kanuni hizi nikiwa mtoto bila kuona zinanihusu nini. Leo nikizisoma naona zimeandikwa kwa ajili ya kila kijana anayetuma dipoziti ya hoteli.

Na mifano yake ni ya watu wakubwa. Vijana wa pangoni wanaotajwa katika Sura Al-Kahf, walipoamka na njaa, walimtuma mmoja wao mjini na sarafu ya fedha atafute chakula kilicho safi zaidi, na wanazuoni wametumia kisa hicho kuonesha kwamba uwakala unafaa. Urwa Al-Bariqi alipewa na Mtume, rehema na amani zimshukie, dinari moja anunue mbuzi au kondoo mmoja. Akanunua wawili, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na mnyama mmoja na dinari nzima. Mtume akamwombea baraka katika biashara yake. Yale mapatano mazuri Urwa aliyapata kwa ujanja wake mwenyewe sokoni, na angeweza kusema dinari hii ni jasho langu. Aliirudisha kwa aliyemtuma. Wakala wa safari anayepunguziwa bei na hoteli kisha akawatoza maharusi bei ileile ya mwanzo bila kusema, amsome Urwa.

Hata ndoa yenyewe hufungwa kwa mkono wa wakala. Mtume alipomwoa Ummu Habiba, binti wa Abu Sufyan, bibi huyo alikuwa Uhabeshi, mbali na Madina. Amr bin Umayya alitumwa kwa niaba ya Mtume, na mfalme Najashi akatoa mahari. Sisi nasi leo, walii humwozesha binti yake, na bwana harusi aliye ng'ambo humweka nduguye akubali badala yake. Ikiwa akdi, ambayo ndiyo jambo zito kuliko yote katika harusi, inaruhusu mtu kusimama badala ya mtu, vipi chumba cha hoteli na tiketi ya boti visiruhusu?

Na kwa safari hasa, tunao mfano ulio wazi kuliko yote. Mtume na Abu Bakr walipohama Makka mwaka 622, walimkodi Abdullah bin Uraiqit awaongoze njia. Hakuwa Mwislamu, alikuwa bado katika dini ya Makureshi. Walimchagua kwa mambo mawili: aliijua njia na walimwamini. Wakamkabidhi ngamia wao wawili na kumwahidi wakutane pango la Thaur baada ya usiku tatu. Alikuja na ngamia kama walivyoagana, akawapitisha njia ya pwani. Fikiri uzito wa uwakala huo. Makureshi walikuwa wametangaza zawadi ya ngamia mia, na mtu yule alijua pango lilipo. Anayeniambia kwamba kumtegemea Mungu kunakataza kumkodi mjuzi wa njia, namwomba aanze kwa kumjibu Abdullah bin Uraiqit.

Basi je, kila kitu kinakabidhika? Hapana, na hapa ndipo elimu ya mlango ule inapokuwa tamu. Swala haiwakilishwi. Mtu mzima mwenye afya hawezi kumwambia jirani amswalie adhuhuri wala amfungie Ramadhani. Zaka, ukitaka, utampa mwingine aigawe. Hija ya asiyeweza kabisa kwa uzee au maradhi huhijiwa na mwingine. Wanazuoni wakatoa sababu ambayo mimi naiona ni hekima kubwa: kuna mambo ambayo makusudio yake ni kitu kifanyike, na kuna mambo ambayo makusudio yake ni wewe ukifanye. Zaka makusudio yake maskini apate, basi mkono wowote ulio mwaminifu unatosha kuifikisha. Swala makusudio yake ni wewe usimame mbele ya Mola wako, na akisimama mwingine, wewe bado hujasimama.

Nimekichukua kipimo hicho nikakiweka juu ya safari ya fungate. Tiketi makusudio yake ni ipatikane. Gari la kuwapokea bandarini makusudio yake liwepo. Chumba kiwe safi, mlango ufunge, chakula kiwe halali. Hayo yote ni ya aina ya zaka, apewe mjuzi. Lakini kuna jambo moja ndani ya maandalizi lililo la aina ya swala, nalo ni mashauriano ya wale wawili. Kuketi mume na mke, kila mmoja akasema anataka nini, anaogopa nini, ana kiasi gani mfukoni, nini kinamchosha, kisha wakakubaliana. Jambo hilo makusudio yake ni wao wenyewe walifanye. Wakala hata awe hodari vipi, akiwafanyia, halijafanyika.

Qur'ani imelionesha hili mahali ambapo wengi hupapita haraka. Katika Sura Al-Baqara, inapozungumzia kumwachisha mtoto ziwa, inataka uamuzi huo utokane na ridhaa ya baba na mama wote wawili na mashauriano yao. Jambo dogo kama hilo, la mtoto kuacha kunyonya, halikuachiwa amri ya mmoja. Basi mume na mke watajifunza lini kushauriana, ikiwa safari yao ya kwanza ilipangwa na mmoja wao kimyakimya usiku kwenye simu, au na wakala aliyewauliza tu "bajeti yenu ni kiasi gani"?

Nitaeleza niliyoyaona. Mwaka 2025 Idi ndogo iliangukia mwisho wa Machi, na mwari wangu mmoja akapangiwa harusi katikati ya Mfunguo Mosi, yaani katikati ya Aprili. Walitaka kwenda Unguja. Mchumba wake alikuwa na mazoea na simu. Akanionesha hoteli aliyoipata upande wa mashariki, karibu na Jambiani. Picha zilikuwa za kupendeza kweli: maji ya rangi ya feruzi yamefika mpaka kwenye ngazi za baraza, minazi imeinama, na bei imeshuka karibu nusu. Mwari naye alifurahi kwa jambo lake: usiku wa mwezi mpevu ungewakuta huko, na alitaka kuuona ukiwa juu ya bahari.

Mama yake mwari akaomba kabla ya kulipa wazungumze na kijana mmoja wa Unguja, jamaa wa watu tunaowajua, ambaye ni wakala wa kazi hizo na ana leseni yake. Wakampigia, simu ikawekwa sauti ya juu, sote tukasikia. Baada ya salamu, wakala hakutaja bei. Aliuliza: "Mnakwenda kuogelea, au mnakwenda kuitazama bahari?"

Bwana harusi akajibu, "Kuogelea." Mwari akajibu, pamoja naye, wakati uleule, "Kuitazama." Wakatazamana.

Wakala akawaeleza mambo ambayo picha hazisemi. Mwezi mpevu ni bamvua, na bamvua upande ule wa mashariki maji yakipwa hutoka mbali mno, mpaka kule kwenye mwamba. Anayetaka kuogelea atakuta mchanga, matope na vijiti vya kamba vya akina mama wanaolima mwani, na atangoja mpaka maji yajae tena. Upande wa kaskazini, Nungwi na Kendwa, bahari haiendi mbali kiasi hicho. Tena Aprili ni masika. Bei imeshuka kwa sababu mvua ndiyo msimu wake, na baadhi ya hoteli hufunga kabisa zirekebishe paa na kupaka rangi. Akasema: "Masika si dhambi, mvua ina raha yake kwa maharusi, ila mje mkijua."

Nilimpenda kijana yule kwa maneno yake. Hakuwakataza, wala hakuwatisha. Lakini kilichonikaa moyoni zaidi ni yale majibu mawili yaliyogongana. Wawili wale walikuwa wameposana muda mrefu, wamezungumza kwenye simu kila usiku, na mwari hakuwahi kumwambia mwenziwe kwamba haogelei, kwamba maji yakimfika kifuani hushikwa na hofu, na kwamba alichotamani ni kutembea Mji Mkongwe, kwenda Forodhani jioni, na kukaa pahala pa juu akaitazama bahari kwa mbali. Bwana harusi naye hakuwahi kusema kwamba kwake mapumziko bila kuogelea si mapumziko. Jioni ile wakayazungumza yote. Nikatoka nikawaachia sebule.

Uamuzi wao ulikuwa wa kuchanganya. Safari ya kutoka Mombasa kwa basi kupitia Lunga Lunga na Tanga mpaka Dar es Salaam, kisha boti, bwana harusi aliipanga mwenyewe, kwa kuwa anaijua njia ile kwa biashara zake: anajua pasi igongwe wapi, na kwamba kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi. Mambo ya Unguja wakampa wakala: siku za kwanza Mji Mkongwe katika nyumba yenye baraza ya juu, karibu na msikiti, isiyouza pombe, siku za mwisho kaskazini. Ujira wa wakala ulitajwa peke yake kwenye karatasi, mbali na bei ya vyumba. Naona hapo kila mtu alifanya lililo lake.

Sasa nije kwa wale wanaosema, "Sisi tunajipangia wenyewe, hatumhitaji mtu wa kati." Nawaheshimu, na ukweli ni kwamba wengi wao hutumia pesa zao vizuri zaidi kuliko waliotangulia. Ila naomba wajue kwamba wa kati hajaondoka. Ile programu ya simu inayowaonesha vyumba ni dalali. Inakula sehemu yake kutoka kwa hoteli, na nyingine huipandisha juu hoteli inayoilipa zaidi. Mpangaji wa safari kwa simu amebadilisha wakala tu. Ameacha yule mwenye uso na ukoo, ameshika yule asiye na uso. Basi maswali ya Abu Shujaa yako palepale: ujira wako ni kiasi gani na unatoka wapi? Ukizembea, nani atajibu? Unaniuzia kilicho bora kwangu au kilicho bora kwako?

Na uso peke yake hautoshi. Mwari wangu mwingine aliona ukurasa mtandaoni wenye picha za nyumba ya ufukweni na sauti tamu ya binti aliyemjibu kila ujumbe kwa "mpenzi" na "dia". Akatuma pesa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, mtindo wa lipa pole pole. Siku ya kufika, nyumba ilikuwepo kweli, na mwenyewe alikuwepo, ila hakuwa amesikia habari zao hata siku moja. Namba ya simu ikawa haipatikani. Pesa zile zilikuwa za tunzo za harusi, noti ambazo mashangazi walimpachika mwilini akiwa amekaa kwenye jukwaa. Aliyezila alikula amana ya ukoo mzima, na kwa imani yetu deni hilo halifutwi kwa kubadilisha laini ya simu.

Wala ukubwa wa kampuni haumfanyi mtu kuwa mwaminifu au wa kudumu. Biashara ya uwakala wa safari kama tunavyoijua leo hutajwa pamoja na Thomas Cook, seremala na mhubiri wa Kibaptisti wa Uingereza. Tarehe 5 Julai 1841 aliwapakia watu kama 500 kwenye treni kutoka Leicester kwenda Loughborough, kwa shilingi moja kila mtu, waende mkutano wa kupinga ulevi. Alianza kwa niya ya dini. Kampuni yake ikakua hivi kwamba mwaka 1886 serikali ya Waingereza huko India iliipa kazi ya kusafirisha mahujaji wa Kiislamu kwenda Jidda, kwa sababu mahujaji walikuwa wanateseka mikononi mwa madalali na kwenye meli zilizojazwa kupita kiasi. Mradi huo haukudumu sana. Kampuni ilidumu, mpaka ilipoanguka kwa madeni tarehe 23 Septemba 2019, watu wakiwa wametawanyika fukweni na hotelini nchi za watu. Serikali ya Uingereza ikalazimika kuwarudisha raia wake kama 150,000. Walionunua safari nzima kama kifurushi walikuwa na mfuko wa dhamana uliowekwa kwa sheria, nao walirudishiwa pesa zao. Hilo ni funzo: kilichowaokoa hakikuwa jina kubwa, ni kwamba kabla ya maafa kulikuwa kumeshaandikwa nani atajibu.

Kwetu Kenya, sheria ya utalii ya mwaka 2011 inataka mawakala wawe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Kuomba kuiona leseni hiyo si kumdhania mtu vibaya. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile ya kuandika deni na kuweka mashahidi. Mwenye amana hachukii kuandikiana.

Hata hivyo, mambo yote haya ya leseni na risiti ni ya nje. La ndani, ambalo mimi kama somo linanihusu zaidi, ni lawama. Nimeona ndoa zikianza vibaya kwa njia zote mbili. Walipopitia wakala, mvua iliponyesha au chumba kilipokuwa kidogo, wakaungana kumlaani wakala, na siku zikaisha wakipiga simu za matusi badala ya kukaa pamoja. Walipojipangia wenyewe, mambo yalipoharibika mmoja akamgeukia mwenziwe: "Wewe ndiye uliyechagua." Maneno hayo matatu ni mazito. Mke akiyasikia kwa mumewe siku ya tatu ya ndoa, au mume akiyasikia kwa mkewe, ataogopa kuchagua jambo lolote tena. Nyumba itabaki na mtu mmoja anayeamua na mmoja anayesubiri kulaumu.

Ndiyo maana nasema mashauriano ni ya aina ya swala. Waliokaa wakashauriana kweli hawana wa kumwambia "wewe ndiye uliyechagua". Mvua ikinyesha imewanyeshea wote wawili katika jambo lao. Hata wakala akikosea, watamdai haki yao kwa adabu, kwa kuwa wanajua walimwagiza nini. Na fikihi imeshatufundisha kwamba wakala hadaiwi mvua wala bamvua. Anadaiwa uzembe na hiana. Kumlipisha mtu kwa lililo majaaliwa ni dhulma, hata kama umemlipa ujira.

Basi mwari akiniuliza leo, namjibu hivi. Kwanza mketi wawili, bila simu, bila mimi, mwambiane mnayoyataka na mnayoyaogopa, na kiasi mlicho nacho bila kukopa. Mkishakubaliana, tazameni lipi mnalijua vizuri wenyewe, hilo lifanyeni. Msilolijua, mpeni anayelijua, ujira wake uwe wazi na agizo lenu liwe kwenye maandishi. Mkipata mjuzi mwaminifu, mlipeni kwa wakati na msimpunje, maana amebeba siku zenu za kwanza. Na kabla ya kuondoka ahidianeni kwamba litakalotokea njiani litaitwa letu.

Kuna kijana aliwahi kuniambia, "Somo, lakini utulivu wa moyo ndio tunaoulipia kwa wakala." Nilimrudisha kwenye pango la Thaur. Usiku zile tatu mkataba ulikuwa umeshafungwa, ngamia wameshakabidhiwa, mjuzi wa njia anajua siku ya kuja. Maandalizi yalikuwa yamekamilika. Pamoja na hayo, waliokuwa wakiwatafuta walipofika mlangoni mwa pango, Abu Bakr alishikwa na huzuni, na aliyemtuliza hakuwa Abdullah bin Uraiqit. Alikuwa ni mwenziwe wa ndani ya pango, aliyemkumbusha kwamba Mungu yuko pamoja nao, na Sura At-Tawba inasema utulivu ukashushwa. Qur'ani inasema pia, katika Sura Ar-Rum, kwamba tumeumbiwa wenzi ili tupate utulivu kwao. Wakala mwema atawapa boti, chumba na habari za maji kupwa na kujaa, na kwa hayo anastahili ujira na shukrani. Utulivu wauombe kwa Mola wao, na kila mmoja ajifunze kuwa yule anayemwambia mwenziwe asihuzunike. Kazi hiyo haina wakala, na ndiyo waliyooana kwa ajili yake.